Wanataka Nimtie Nabwire Meno

Mpendwa Bi Zeituni,

Nakusalimu katika jina la Bwana Yesu. Najua dini yako ni nyingine, lakini salamu ni salamu, na rafiki yangu Hasina, Mwislamu wa Mumias, ndiye ananisomeanga majibu yako ya gazetini kwa sauti wakati mikono yangu imejaa rangi. Mimi nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo mahali nimekosea mnirekebishie, lakini maneno yenyewe msiyapunguze.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na saba, nakaa Shirere, nimelea watoto watano na nimeongoza maombi ya akina mama ya Jumatano kwa miaka tisa. Na mimi ni mchoraji. Anayetaka kucheka acheke. Nilianzia kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu wetu aliporudi kwao Ulaya mwaka wa Uhuru akatuachia sanduku la rangi na brashi, na tangu hapo sisi watatu tunatumia chumba kimoja nyuma ya mashine ya posho hapa mjini Kakamega: mimi, Hasina, na Chrispinus, fundi wa mabango ya maduka, ambaye ndiye mwenye ufunguo. Unga unapeperuka kutoka kwenye mashine mpaka unaingia kwenye rangi mbichi, kwa hiyo kila mtu tuliyemchora ana unga kidogo usoni, hata awe mweusi namna gani.

Tunachora marafiki zetu wakiwa wameketi mbele yetu. Picha za kamera hatuzifuati. Na chumba kina sheria mbili: mtu asiguse picha ya mwenzake, na asiyewahi kuketi asichore, lazima kwanza ajue shingo inavyouma na aibu ya kuangaliwa inavyokuwa. Mimi niliketi mbele ya Hasina siku tatu. Picha yangu iko ukutani mpaka leo, nimevaa kitambaa changu cheupe cha kanisa, mdomo nimefunga kwa heshima, na watu husema nafanana na mke wa mchungaji.

Sasa sikiliza. Akina mama wa hapa tumejenga ukumbi wetu wenyewe kwa harambee, tumebeba mawe kwa kichwa kutoka mtoni, na utafunguliwa siku ya Jamhuri mwezi wa Desemba. Kamati ikasema itundikwe mle ndani picha ya mama mmoja aliyefanya kazi kuliko wote. Wote wakasema Nabwire, hata kura haikupigwa, na mimi nikaambiwa nimchore.

Nabwire na mimi tumetoka pamoja Malinya. Tulichota maji pamoja, tulibatizwa siku moja, na kabla ya ubatizo tuling'olewa meno siku moja, yale mawili ya chini mbele, kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana wa rika letu, asubuhi moja, mzee mmoja, chuma kimoja, yeye akatangulia mimi nimemshika mkono, halafu nikafuata yeye akanishika. Yeye hakulia. Mimi nililia mpaka nikatapika, lakini hiyo si habari ya leo.

Akaja kuketi. Siku ya kwanza alikaa kama mtu anayengoja sindano. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilikuwa nimemaliza macho, shavu, shingo na gauni, nimebakisha mdomo, maana mdomo mimi huumaliza mwisho, ndipo Hasina akamwuliza habari za ndume, yule fahali wa kaka yake aliyepelekwa uwanjani kupigana na fahali mwenzake.

Nabwire akasema, "Wewe Hasina, yule si ndume, yule ni mgeni tu! Ameimbiwa kutoka nyumbani, ngoma za isikuti zinalia njia nzima, kaka yangu amejifunga ngozi anaruka ruka. Kufika uwanjani, bwana huyo akamwangalia mwenzake mara moja, akageuka. Tulikuja kumkuta kwa mama, anakula mboga."

Hasina akamwuliza, "Na kaka yako?"

"Alikuwa nyuma yake, akampita mbio njiani. Yeye ndiye alifika wa kwanza!"

Akacheka, Bi Zeituni, akatupa kichwa nyuma, mdomo wazi wote, pengo lake linaonekana kama mlango wa nyumba yenye watu. Na mimi nikachora nilichokiona, nikachora haraka, naomba Mungu asifunge huo mdomo kabla sijamaliza.

Akaja kutazama. Akagusa mdomo wake. Akasema, "Jescah, huyu ni mimi. Mama yangu akifufuka leo, ataniita jina."

Baada ya siku chache akaja mume wake, Mzee Sylvanus, ambaye ni mzee wa kanisa, pamoja na Philemon, katibu wa kamati. Mzee akasimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma.

"Mama Jescah, kazi ni nzuri. Lakini hapa chini kuna shida."

"Shida gani, mzee?"

"Meno."

"Hayako, mzee."

"Ndiyo shida yenyewe. Wakubwa watatoka Nairobi, tuwaonyeshe mama wa kanisa akiwa na alama ya ushenzi? Watu wametoka huko zamani. Mtie meno. Ni mawili tu."

Hasina akamwambia kutoka kwenye kona yake, "Mzee, siku ya kumposa hukumwona akicheka?"

"Wewe nyamaza, mama. Haya ni mambo ya kanisa."

Philemon akasema ukumbi si wangu, ni wa watu wote. Na Chrispinus naye, badala ya kunitetea, akasema, "Mama, meno mawili ni dakika mbili. Mimi nimewahi kumtia meno simba wa bango la kinyozi, na wateja wakaongezeka."

Hapa nitakiri, kwa sababu Mungu ameshaona. Walipoondoka nilichukua brashi ndogo, nikachovya rangi nyeupe, nikamtia yale meno. Mawili. Nikarudi nyuma hatua tatu, na Nabwire hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja mzuri wa tangazo la sabuni. Nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikayafuta kabla hayajakauka.

Ningeweza kusema sitayarudisha tena, mambo yakaisha. Lakini Alhamisi Nabwire mwenyewe akaja, leso ameivuta mpaka juu ya midomo, akasimama mlangoni hataki kuingia. "Jescah, dada yangu, usinitie meno kama hutaki. Nifunge mdomo tu. Nyumbani hakuna kupumzika, hiyo picha ndiyo asubuhi na ndiyo chakula." Na mimi nikawaka. Nikamwambia, "Nimfunge mdomo mtu aliyebeba mawe mengi kuliko wanaume wao wote? Nenda umwambie Sylvanus aje auvumilie mwenyewe huo mdomo." Akaniangalia, akaondoka. Tangu siku hiyo, kila Jumatano kwenye maombi anaketi benchi la mwisho na sala ikiisha anatoka bila kunisalimu.

Wazee wamenipa mpaka Jumapili ya kwanza ya Desemba. Nisipoirekebisha picha, nitoke kwenye uongozi wa maombi. Na wanitoe! Mungu hakuniambia nisali nikiwa nimeketi kiti cha mbele. Nimesoma Biblia yangu usiku na mchana, sijaona mahali Bwana alipofunika macho kwa sababu mwanamke wa Malinya anacheka. Hii Jamhuri tunayoingoja ni ya nani, ikiwa tunaingia tumefunika midomo na leso?

Kwa hiyo, Bi Zeituni, sikuulizi kama niwatii wazee, hilo nimeshamaliza. Nakuuliza juu ya Nabwire. Nikiugusa ule mdomo nimempoteza kwenye picha, nisipougusa nimempoteza njiani. Na kwa sasa nimekaza shingo wala sioni nitakavyoilegeza. Niambie nifanye nini.

Jina langu liandike lote. Sijifichi.

Jescah Namalwa,
Shirere, Kakamega.

JIBU LA BI ZEITUNI

Dada Jescah,

Salamu yako nimeipokea kwa mikono miwili, na huyo Hasina wako mwambie namfahamu kwa ulimi wake ingawa hatujaonana.

Jina lako nimeliandika lote kama ulivyotaka. La rafiki yako hukuniambia kama ulimwomba ruhusa, kwa hiyo nimelibadilisha, na la mumewe pia. Unaona? Umetoa jina lako kwa ushujaa, halafu ukalitoa na la mwenzako kwa ushujaa huohuo, bila kumwuliza. Hilo liweke hapo pembeni, tutalirudia.

Kuhusu wazee sina maneno mengi. Umewajibu vizuri na mimi nakuunga mkono. Wanaogopa wageni wa Nairobi, kana kwamba wageni hao walizaliwa na mabango ya kinyozi. Kila mkubwa atakayeshuka kwenye gari siku hiyo ana mama nyumbani, na mama huyo ana mdomo wake. Meno usiyatie. Uliyatia mara moja, ukaona mwenyewe kilichotokea, huhitaji mimi nikuambie.

Lakini wewe, mama! Mtu amekuja mlangoni kwako amefunika uso, amekosa raha nyumbani kwake, anakuomba, na wewe ukamrudisha kwa yuleyule anayemsumbua, ukampa na ujumbe wa kupeleka. Wewe ulibaki na picha na hasira yako nzuri. Yeye alirudi na nini? Mzee anataka mdomo wa mkewe ufungwe kwa ajili ya heshima yake. Wewe unataka ubaki wazi kwa ajili ya msimamo wako. Mmesimama wawili, huyu huku na yule kule, mnauvuta mdomo wa mtu mmoja, na mwenyewe ameketi benchi la mwisho.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilisimama mahali ambapo wewe ulipita mbio.

Mling'olewa meno siku moja. Umesema mwenyewe. Asubuhi moja, chuma kimoja. Halafu ukaketi mbele ya Hasina siku tatu, na picha yako iko ukutani mdomo umefungwa. Kwa heshima, unasema. Heshima gani hiyo, Jescah, ambayo Nabwire akicheka anakuwa hana? Siku tatu na Hasina yule, mwenye ulimi ule, na hukucheka hata mara moja? Sikuamini. Ulicheka, ukafunga, ukamwambia achore palipofungwa. Kwa miaka tisa umeongoza maombi, na nina hakika unajua mpaka leo ni upana gani wa kufungua mdomo ili pengo lisionekane kwenye wimbo.

Sikulaumu. Lakini huwezi kumtanguliza mwenzako kwenye ukuta wa ukumbi na pengo lake wazi, wewe umejificha nyuma ya kitambaa cheupe, halafu ukasema hujifichi.

Basi fanya hivi, na uanze siku unayosoma gazeti hili. Nawa mikono. Hicho kitambaa cha kanisa kiache kwenye msumari. Keti kwenye kile kiti, umwambie Hasina achukue ubao mpya, na mtafute wa kukuhadithia habari za yule ndume. Ukicheka, acha ichorwe. Hata ikikuuma, acha.

Ikiwa tayari, hata kama bado mbichi, mtumie Nabwire neno aje. Aje peke yake. Ziweke picha mbili bega kwa bega, ya kwake na ya kwako, na ukae kimya kwanza, maana nakujua sasa, utataka kuhubiri. Usihubiri. Mwombe msamaha kwa ya Alhamisi, na kwa jina lake ulilolitoa bila kumwuliza. Kisha mwulize swali moja tu: "Tutundikwe?" Umngoje ajibu kwa mdomo wake.

Akisema ndiyo, asubuhi ya Jamhuri mbebe picha zenu mapema, Chrispinus awape misumari na nyundo, alipe kwa hilo deni lake la simba. Kamati iliomba mama mmoja, itapata wawili.

Akisema hapana, ni hapana. Usimfunge mdomo wala usimtie kitu. Picha yake igeuze iangalie ukuta, pale chumbani kwenu, isiguswe na mtu, wala na wewe. Atakuja kuigeuza siku yake, au hataigeuza kamwe, sura ni yake. Lakini ya kwako itundike siku hiyohiyo ya Jamhuri, hata kama ni peke yake, na mtu akiuliza yako wapi meno, mjibu. Wakikutoa kwenye uongozi, watakuwa wamekutoa kwa mdomo wako wewe, nyumba ya Nabwire haimo.

Asubuhi ile kule Malinya mwenzako alitangulia, na wewe ukamshika mkono. Safari hii tangulia wewe.