Viatu Ambavyo Mama Yako Alikataa Kuvikomboa

Maduhu, mtani wangu,

Kuku wa mama yako amefungwa kamba mguuni uani kwangu hapa Mirongo, na leo ni siku ya nne nashindwa kumchinja. Jana alitaga. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai siwezi kuwaeleza.

Nianze na mazishi yako, maana hukuyaona. Ulianguka darasani ukiwa na chaki mkononi, tukakuzika kwenu Kisesa kesho yake alasiri. Mimi Mgogo wako nilifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Watu wakiwa katikati ya kilio nilivua viatu vyangu nikavaa vyako vya kukimbilia, vile vya bluu vilivyolika kisigino upande mmoja. Nikazunguka kaburi nikihema kama wewe, tumbo mbele, mkono mmoja umeshika suruali isidondoke. Walicheka. Hata mchungaji aligeukia pembeni akacheka. Nikawaambia, mtazameni Msukuma huyu, alijiandikisha mbio za milima ya Usambara, aliposikia kule hakuna malisho ya ng'ombe akaona heri afe. Kisha nikatangaza kwamba viatu nimeviteka. Wavikomboe, la sivyo naenda kuikimbia njia hiyo mwenyewe.

Unajua utaratibu ulivyo. Mtani anateka kitu cha marehemu, wafiwa wanatoa kuku, kitu kinarudi, watu wanakwenda kula. Kuku ndiye mlango wa kutokea. Nami nilikuwa nimeshaanza kuangalia kuku yupi nitapewa.

Mama yako akainuka mkekani. Hakunitazama usoni, alivitazama viatu.

"Siku zote nyie Wagogo mnaomba," akasema. "Leo tunakuomba sisi. Baki navyo. Kakimbie."

Hakuna aliyecheka tena. Nilirudi mjini na viatu vya maiti vikiwa vimenibana vidole.

Waombolezaji walidhani nimenaswa na mzaha wangu. Wewe unajua nilinaswa na nini. Mwaka juzi, Jumapili moja tukikimbia kwenda Kisesa kama kawaida yetu, uliniambia kwa nini unaitaka njia ile ya msituni. Babu wa baba yako alichukuliwa enzi za Mjerumani, akapelekwa huko kwenye milima inayotazama bahari, akachonga mwamba na kubeba mizigo, na hakurudi. "Yeye alipita amebeba," ukasema. "Mimi nataka kupita mikono mitupu." Uliniambia mimi peke yangu, tena kwa shida, pumzi ikikukata.

Na mimi nilikwenda nyumbani nikaandika makala ya gazetini.

Bado naamini nusu ya makala ile, na hata leo ungeweza kunitoa jasho tukibishana. Waandaaji wa mbio wanaopiga muziki na kusimika mahema mahali watu walipochapwa viboko, bila hata kibao kimoja kinachosema nani alichonga njia hiyo, wanastahili kusemwa. Lakini niliandika pia kuhusu wajukuu wanaobandika namba kifuani ili wakacheze juu ya mifupa ya babu zao. Sikutaja jina lako. Sikuwa na haja. Ni mwalimu gani mwingine mjini hapa aliyekuwa akijitapa kwamba anakwenda Usambara? Wenzako wakaibandika ukutani ofisi ya walimu. Jumapili iliyofuata ulisema neno moja tu: "Nimeghairi." Tukaendelea kukimbia. Mimi, mpumbavu niliyesoma vitabu vyote vile, nikadhani nimeshinda hoja.

Kwa hiyo nilikwenda. Basi lilipofika Usagara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, nilitaka kushuka. Mfuko wenye viatu vyako ulikuwa mapajani, nikawaza kwamba nikishuka hapa hakuna atakayejua. Kisha nikamkumbuka mama yako pale mkekani, nikakaa.

Njia yenyewe inaanza kwa upole, kwenye mashamba ya chai na iliki, halafu msitu unakufunika. Upana wake ni wa mtu mmoja. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia bonde usiloona mwisho wake, unasikia maji tu huko chini. Ngazi za mawe zina kuvu na utelezi, na kila moja ni ndefu kuliko hatua ya binadamu. Ukungu ulishuka, nikawa naona viatu vyako na ngazi moja mbele. Vijana walikuwa wanakuja nyuma yangu, "samahani mzee, samahani mzee," nami kila mara najibanza ukutani kama mwizi. Kucha mbili ziling'oka humo ndani ya viatu vyako. Wewe na miguu yako midogo.

Mahali fulani nilikaa chini nikaamua sitaki tena. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisambaa anagawa ndizi. Nikamwambia nataka kurudi. Akanicheka kidogo, kwa huruma.

"Mzee wangu, gari haifiki hapa. Na ulikotoka ni mbali kuliko uendako."

Nilijishika ukutani ili nisimame, na kiganja kikaingia kwenye alama za patasi. Zipo, Maduhu. Mistari mifupi, imepangana, kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Miaka mingi nimeandika juu ya kazi za shuruti, nikagombana na watu redioni, nikavunja urafiki, na sikuwahi kuzigusa kwa mkono. Nilijaribu kuwaza mzigo kichwani kwangu katika ngazi zile, nikashindwa. Hapo ndipo nilipokuelewa. Ulitaka kumpumzisha mtu.

Nilimaliza wa mwisho, wakati wanakunja mahema. Nilifika mikono mitupu kama ulivyotaka wewe, ila mikono haikuwa yako.

Jumanne nikavipeleka viatu Kisesa. Nilimwamkia mama yako shikamoo, akaitikia akiwa ameshavipokea. Alichukua kisu akakwangua tope jekundu la soli, akalikusanya kiganjani, akalipeleka kaburini kwako. "Basi na babu yenu amerudi kidogo," akasema. Kisha akakamata kuku mwenyewe, mzee yule, akimkimbiza uani, akanikataza nisimsaidie.

"Sasa nakukomboa, mtani. Umemmalizia mwanangu." Akanipa kuku. "Sijui nani alimvunja moyo. Alikuwa na hamu sana."

Nilifungua mdomo. Mdomo huu ambao mawakili na maaskofu wameshindwa kuufunga. Nikasema, "Asante, mama," nikapokea kuku.

Ndiyo maana nasema mlango umefunguliwa nami bado nimo ndani. Nikimchinja nimekula uongo. Nikimwacha, kila asubuhi ananiamsha kwa kelele zake. Ningekuwa naandika juu ya mtu mwingine ningemmaliza kwa aya mbili.

Kesho ni Jumapili. Nitatoka hapa alfajiri kwa miguu, barabara ile ile yetu, na kuku kwapani. Nitamwambia mama yako ni nani aliyekuvunja moyo. Sitaanza na Mjerumani wala mahema wala hoja yoyote, nitaanza na jina langu. Akinifukuza, nitaondoka. Akikataa kumpokea kuku, nitarudi naye. Na wiki ijayo, gazeti lile lile, nitaandika kwamba nilichukua neno ulilonipa kwa siri nikalifanya fimbo ya kukupigia. Safari hii jina lako nitalitaja, pamoja na la babu yako, kama mama yako atanipa.

Lala, Msukuma wangu. Huna tena kitu cha kuthibitisha kwangu wala kwa wenzako wa ofisi ya walimu.

Wewe pita mikono mitupu. Mimi kesho nitabeba.

Mtani wako, Mgogo wa Mirongo