Miwani ya Mtoto wa Jicho

Crystal, Minnesota
6 Oktoba 2024

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na jirani yako Rahab anayezipiga picha barua zako na kunitumia naye hajambo. Sisi tu wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi.

Mama amepata likizo kule Golden Valley anakotunza wazee. Desemba tunakuja kukuchukua Wundanyi, tukakae wiki nzima ufukweni Diani. Mimi nimepewa kazi ya kuchagua miwani ya jua ya kila mtu. Yangu ni ya duara. Ya mama ni ya kahawia, kwa sababu nyeusi ilimfanya afanane na askari wa trafiki. Yako je?

Masomo ya uuguzi yanaendelea vizuri. Kiswahili changu unisamehe. Nyumbani bado namjibu mama kwa Kiingereza, lakini kwako naandika na kamusi pembeni.

Mjukuu wako,
Wakesho


Wundanyi
13 Oktoba 2024

Kwako mboni ya jicho langu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo sana, mvua tu ndiyo imechelewa. Habari ya kuja kwenu imenifanya niimbe jikoni.

Miwani nyeusi huku tunavaa matangani, ili watu wasijue nani amelia na nani hakulia. Lakini kwa ajili yako nitavaa. Chagua kubwa, inifunike mpaka nyusi, maana jua linaniumiza.

Nikuambie jambo, na mamako usimwambie, asije akaimaliza likizo yake hospitalini. Nina mtoto wa jicho. Ninaye tangu mwaka jana na ananisumbua. Daktari wa Voi anasema amekomaa, lazima aondolewe upesi. Nami naogopa.

Nyanya yako


Crystal
20 Oktoba 2024

Nyanya,

Shikamoo. Huku hatujambo. Siri yako ninayo, mama hajui kitu.

Nikiri kwamba nilinuna kidogo. Mboni ya jicho ni mimi, sasa kumbe kuna na mtoto wa jicho? Lakini yamekwisha. Huyo daktari ana haraka gani? Kusumbua si sababu ya kumwondoa. Usikubali mpaka tufike, nataka nimwone mwenyewe. Na yeye nitamletea miwani yake.

Yako wewe nimeipata: kubwa, ya kahawia, inafunika nusu ya uso. Niliijaribu nikafanana na wewe kwenye picha yako ya harusi.

Mjukuu wako,
Wakesho


Wundanyi
27 Oktoba 2024

Kwako mboni ya jicho langu,

Marahaba. Mimi naendelea hivyo hivyo. Umenichekesha na hiyo miwani ya mtoto wa jicho, nimemwomba Rahab anisomee barua yako mara mbili.

Neno lako nimelishika. Wewe unasomea mambo haya, huwezi kusema bure. Nimemwambia daktari asubiri, mjukuu wangu anakuja kuangalia mwenyewe. Hakufurahi.

Siku hizi natembea nikishika ukuta, na hii barua anaiandika Rahab. Bahari nisipoiona, nitaisikia.

Nyanya yako


Crystal
3 Novemba 2024

Nyanya,

Shikamoo. Naandika mbio, nisamehe.

Barua yako ilinitia wasiwasi, nikawa najiuliza kwa nini unashika ukuta. Jana tulikuwa dukani, mama akaona miwani ndogo ya pinki kwenye kikapu, akauliza ni ya nani. Nikaitoa siri yako. Nikasema ni ya mtoto wa jicho wa Nyanya, yule unayemlea, ambaye daktari anataka aondolewe. Mama akaanza kucheka. Kisha akaacha, akakaa kwenye kiti cha kujaribia viatu, akanishika mkono.

"Wakesho, huyo si mtoto," akasema. "Ni ugonjwa. Nyanyako anapofuka."

Ugonjwa huo naujua, Nyanya. Nimeufanyia mtihani nikapita, kwa Kiingereza. Jina lake la Kiswahili ndilo sikulijua, na kwenye kamusi sikuangalia kwa sababu maneno yote matatu nayafahamu. Nilimwonea wivu mtoto asiyekuwapo, kisha nikakuambia usubiri. Nimelia sana.

Tafadhali rudi kwa daktari kesho. Mama hana hasira na wewe, anakuombea. Nataka siku tukifika unitambue kabla sijafungua mdomo.

Mjukuu wako,
Wakesho


Wundanyi
1 Desemba 2024

Kwako mboni ya jicho langu,

Marahaba, mwanangu. Sijambo, na leo sijambo kweli. Naandika kwa mkono wangu, Rahab amekaa tu ananitazama.

Daktari amemtoa, jicho la kulia. Wala haikuuma kama nilivyoogopa. Usijilaumu. Nilipolala pale nilikumbuka ulivyonuna kwa wivu, nikacheka mpaka nesi akaniambia nitulie. Wamenipa miwani nyeusi, mbaya, ya matanga hasa. Ile yako kubwa naingoja kwa hamu.

Jana nilishusha ukutani picha yako ya kumaliza shule. Mwaka mzima nimekuwa nikiihamisha nikidhani jua limeichujua. Haijachujuka hata kidogo. Kumbe una mwanya wa babu yako. Nimekaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa.

Ile miwani ya pinki usiirudishe dukani. Jicho la kushoto nalo lina mtoto wake, na kwa huyo, daktari mwenyewe amekubali kusubiri mpaka mfike. Siku ya kumtoa nataka nikushike mkono.

Nyanya yako