Baba Alitaka Kuiona Treni Nzima

Nyuma ya mashine ya zamani ya kukoboa mpunga,
Masumbwe, Mbogwe,
Geita.
20 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Luka,

Marahaba, marahaba! Najua umeshaniamkia moyoni kabla hujachana bahasha, na kama bado, basi fanya sasa hivi, nangoja. Habari za huko Tarkwa? Habari za kazi, za mgodi, za joto? Hao Waghana wako wanakulisha vizuri, au bado unalalamikia ile mihogo yao ya kutwanga? Sisi huku hatujambo. Mpunga tumeshavuna. Upepo wa Julai unapuliza vumbi mpaka kwenye cherehani yangu, na asubuhi kwa baridi hatutoki bila koti.

Usishangae kuona barua zama hizi. Kwenye simu wewe hukawii kusema, "Dada, naingia shifti," halafu mimi nabaki nimeishika kama mjinga. Hii anakuletea Masudi, kwa kuwa likizo yake imeisha na anarudi huko. Isome ukiwa umekaa.

Kwanza macho ya Baba, nisikuzungushe. Ile presha ya macho imezidi. Daktari anasema matone yanapunguza kasi tu. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki huenda kikafika mvua za masika, huenda kisifike. Pembeni kote kumeshafunga giza. Anaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, ila kile kinachoingia humo anakiona vizuri, hata uzi wa cherehani. Nikikaa naye karibu anaona sikio langu, au kifungo cha blauzi. "Leo nimepata kifungo," anasema, na anacheka mwenyewe. Mimi sicheki, Luka. Naenda jikoni.

Sasa mwezi wa tano, tunakula zetu karanga uani, akasema anataka kuona treni. Siyo kuisikia. Kuiona nzima, kichwa mpaka mkia, mara moja, kabla hajafungwa kabisa. Nikamwambia, Baba, wewe umekaa gengi miaka ishirini na nane, umekaza nati za reli kati ya Isaka na Shinyanga mpaka mgongo ukapinda, leo unataka kuona treni? Akasema hajawahi kuitazama. Ikija, gengi zima linaruka pembeni, mnageuza uso vumbi lisiwaingie, ikishapita mnainama tena kazini. Yeye anayajua magurudumu tu, na mgongo wa behewa la mwisho likienda zake.

Unajua hapa Masumbwe tuna dhahabu na tuna mpunga, treni hatuna. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuiona ikipita kichwani mwangu, polepole, kwenye nyasi za manjano.

Tukapanda basi mpaka Kahama, tukaunganisha Isaka. Pale tulifikia kwa Mwaisha, mama anayeuza chai na chapati karibu na stesheni, ambaye marehemu mumewe alikuwa gengi moja na Baba. Mimi na ujuaji wangu nikachagua mahali mwenyewe. Niliona tuta refu zuri, safi, limenyooka kama limepigwa rula, nikasema hapa hapa. Tumekaa tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano. Jua linapanda, tai wanazunguka juu, Baba ametulia na kofia yake magotini. Hakuna treni. Mwishowe akaomba nimsogeze kwenye reli, akapitisha kiganja juu ya chuma, akakinusa kiganja. Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Ng'wanone," akaniambia, "mwanangu, chuma hiki hakijabebeshwa kitu tangu kizaliwe." Kumbe nimemweka kwenye reli mpya ya mwendokasi, ambayo bado inajengwa! Reli inayopitiwa na treni, juu yake ni laini kama kioo; ile ilikuwa na kutu ya kukwaruza. Haya, cheka na wewe, umalize.

Kesho yake nikakosea zaidi, na hili si la kucheka. Nilimpeleka stesheni kabisa, ukingoni, nikidhani karibu ndiyo kuona. Treni ya abiria ikaingia saa nne, ardhi ikatetemeka, watu wakakimbilia madirisha na madumu yao ya asali na kuku wao. Nikamshika Baba bega nikapiga kelele, unaiona? unaiona? Ilipoondoka akaniambia ameona nati moja, na kipande cha rangi ya bluu. Akakaa kwenye benchi la Mwaisha, hakunywa chai. Nililia mbele za watu, Luka, mtu mzima kama mimi.

Aliyetutoa hapo ni Magesa, kijana wa gengi la sasa, anayetembea na nyundo na spana akikagua njia kila siku. Alipita kunywa chai akasikia habari yetu. Akasema, mama, wewe unamsogeza mzee, wakati unatakiwa umrudishe nyuma. Tundu likiwa dogo, kitu kikubwa lazima kiwe mbali ndipo kiingie chote. Nilijiona bwege kwa kweli.

Basi wakakaa, Magesa na Baba, wakaanza kupanga kama watu wanaotafuta uwanja wa kujenga nyumba. Wapi njia inapinda, maana kwenye kona treni inajionyesha ubavu wote. Wapi inapanda, maana kwenye mwinuko inachoka na kwenda taratibu. Saa ngapi jua linakuwa mgongoni, kwa sababu mwanga wa mbele unamchoma Baba macho. Mwezi gani mashamba yako wazi. Nilikuwa nawasikiliza huku nasinzia, sauti zao zinakwenda na kurudi, na Mwaisha akiwakumbusha kwamba ratiba ya treni ya abiria aijuaye ni Mungu, ila ya mizigo ya asubuhi huwa haichelewi sana. Baba alikuwa anataja kona moja baada ya nyingine kwa namba za kilomita. Nilikuwa sijui kama amebeba njia yote ile kichwani.

Tukaenda siku ya tatu na bodaboda mbili, kabla jua halijachomoza. Kuna mwamba upande wa mashariki wa njia, mpana, bado una ubaridi wa usiku, na kutoka pale mpaka kwenye kona ni zaidi ya kilomita. Chini yetu ni mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelala, moshi wa majiko ya watu umetanda chini chini na kukataa kupanda. Nilimfunika Baba kanga yangu mabegani. Niliwaza mambo ya ajabu: kwamba labda tumeshakufa sote wawili na hapa ndipo wanapoletwa watu kupumzika. Ng'ombe walipita mbali na kengele zao. Jua likatugusa mgongoni.

Ikaja saa moja na nusu. Kwanza sauti, halafu kichwa, kidogo kama kiberiti, kinatoka nyuma ya miti. Halafu mabehewa, moja, jingine, jingine. Nilimwelekeza kichwa kwa mikono yangu, kisha nikamwachia, kwa sababu alikuwa ameshaipata. Ilipinda yote pale kwenye kona, taratibu, kama nyoka anayeota jua, na Baba akaanza kuhesabu kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. Alifika ishirini na moja. Ilipopiga honi kwenye kivuko alivua kofia, akaniachia mkono, akasimama wima. "Mwangaluka," akaiambia. Akaiamkia kama mtu, mdogo wangu. Alibaki amesimama mpaka moshi wake ukaisha angani.

Nikadhani shida imekwisha. Tuliporudi nyumbani, siku ya pili asubuhi, akaniambia, "Asteria, toka hapa, rudi nyuma." Nikarudi. "Rudi tena." Nilirudi mpaka karibu na mlango wa ua, hatua kumi na tano. "Simama hapo hapo." Akanitazama. Nilikuwa na kanga ya jikoni, sijachana nywele. Akasema nimeanza kufanana na Mama, na nimenenepa. Miaka miwili nampikia na kumtilia matone, na ilikuwa mara ya kwanza kuniona mwili mzima.

Kisha akauliza wewe unakuja lini.

Nikasema kazi ni nyingi. Akaitikia tu, akasema miaka sita, huyo atakuwa amebadilika. Juzi Masudi alipokuja, alifanya adabu zake zote, akachuchumaa mbele ya Baba na kuinamisha kichwa, akampa mikono miwili. Kijana mzuri sana. Alipoondoka Baba akaniuliza, "Ana sura gani yule?" Hakuona kitu zaidi ya nywele.

Likizo ya mwaka jana uliisogeza, sikukulaumu, au nilikulaumu kidogo. Hii ya Novemba usiisogeze. Nakuambia kama dada, na kama hutaki kuniogopa mimi, yaogope masika.

Mariana mwanangu anakuamkia, sasa yuko kidato cha pili na anakuzidi kimo, usibishe. Mama Mayala wa jirani anakusalimu, Mwaisha na Magesa pia, ingawa hawakujui. Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, akurudishe kwetu na mikono yako yote na miguu yako yote.

Na utakapofika, Luka, fika asubuhi. Baba hukaa mashariki ya ua, jua likiwa nyuma yake. Najua utataka kukimbia umpigie magoti kama tulivyolelewa. Usikimbie. Usiiname. Simama mlangoni, nyanyua uso, vua hiyo kofia yenu ya mgodini, na utulie hapo hata kama machozi yanakutoka, mpaka yeye mwenyewe akuite jina.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata unaponichosha,

Asteria Bujiku