Shemeji Anataka Kaseti Yenye Sauti ya Mwanangu Ichomwe

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mama wa Ntobeye, wilaya ya Ngara. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nimeshindwa kuliamua peke yangu, na hapa kijijini kila ninayemweleza anaangalia pembeni. Gazeti lenu hutufikia likiwa limefungiwa chumvi dukani, lakini ukurasa wako huwa nausoma hata ukiwa umelowa, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia.

Mimi ni mjane, nimesoma hadi darasa la saba, nalima migomba na maharage. Mume wangu alifariki siku nyingi, akaniachia mtoto mmoja tu wa kiume, Frednand, na huyo naye nilimzika mwaka jana, muda mfupi kabla wakimbizi wa Rwanda waliokuwa kambini huku kwetu hawajarudishwa kwao. Alipanda lori la maharage kwenda Lusahunga, lori likapinduka mteremkoni, wakamleta nyumbani amefunikwa turubai la bluu kama yale ya kambini, na mimi nilipoliona turubai kwa mbali nilidhani ni watu wa mashirika wamepotea njia, nikamwita mtoto wa jirani akawaonyeshe.

Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuja kwetu binti anayeitwa Pili, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini Biharamulo ambao babu zao walitoka pwani. Anasoma chuo kikuu, na kazi aliyotumwa ilikuwa kukaa na sisi wenyeji na wale waliotukimbilia, aone tunavyolima, tunavyopika, tunavyogombania kuni na tunavyozikana. Jirani yangu Clotilda alimwuliza, "Yaani chuo kikuu wanafundisha kukaa jikoni? Basi mimi ni profesa." Pili akacheka, akasogea karibu na moto akaanza kumenya ndizi, na tangu siku ile nilimwita mwanangu. Frednand ndiye alikuwa mkalimani wake, maana alijua Kihangaza chetu na Kirundi na Kiswahili kizuri cha shule. Kuku tukitaka kumla, Frednand alimbeba kwapani mpaka kwa Luqmani mwenye duka pale Kibimba akachinjwe vizuri ili Pili naye ale, na alikuwa akirudi anasema, "Mama, kuku wetu siku hizi wanatembea kuliko wakimbizi." Nacheka nikikumbuka, halafu nashika mdomo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku moja tulikuwa jikoni, mimi, Pili, Frednand, na Nimpaye, mama Mrundi wa kambi ya Lukole aliyekuwa akija kunisaidia kupalilia nami nampa ndizi na maharage. Pili aliwasha kile chombo chake cha kurekodi, kama kawaida, akamwuliza Nimpaye mbona kule kambini watu wanazika kimya, hakuna kilio kama cha huku. Frednand akatafsiri. Nimpaye hakuinua macho, akasema, "Njiani hatukulia. Ukilia wanajua mlipo." Frednand alitafsiri na hilo, halafu akanyamaza, na mimi sipendi kimya cha namna ile, nikamwambia Pili, mwanangu, sisi huku tunalia hivi, nikaweka kisu chini, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikaanza kilio cha msiba kile chenyewe, cha kuita na kuuliza. Mwanzo nilikuwa naonyesha tu. Lakini Nimpaye akaingia, akalia na yeye, akawa anaita Bukuru na Butoyi, watoto wake mapacha waliobaki njiani, majina ambayo hakuwahi kututajia, nami nikashindwa kunyamaza kwa sababu yeye alikuwa ananifuata, tukaendelea mpaka Frednand akasema, "Mama we, punguza, watu watakuja na machepeo!"

Kweli Clotilda alikuja mbio, mikono kichwani, anauliza nani amekufa, nani. Frednand akamwambia, "Hakuna, mama mdogo, ni darasa la Pili." Clotilda akasema, "Mnachezea kifo na mimi nimeacha maharage motoni! Haya, nipeni basi hata rubisi, pombe ya msiba." Tukacheka sote, hata Nimpaye alicheka huku anajifuta kwa kitenge, na Frednand alicheka kicheko chake kile cha kuanzia puani, na vyote hivyo viliingia kwenye kaseti.

Mshauri, wewe ni mtu mzima, unajua uchuro. Kwetu mtu halii kilio cha msiba kwenye nyumba ambayo haina maiti. Juma lililofuata lori likapinduka. Tulipotoka makaburini Clotilda alilia akasimulia yaliyotokea jikoni, hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasimulia tu jinsi marehemu alivyomtania, lakini shemeji yangu Gidioni, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wangu na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alisikia. Alinijia karibu akaniambia taratibu, bila hata kupandisha sauti, "Shemeji, ulikiita, kimekuja." Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa kueleweka.

Sasa siku ya kuondoa matanga, ambayo kwetu hungoja miezi, imekaribia. Pili naye amerudi kunisalimia, akanipa ile kaseti imefungwa kwenye kanga, akaniambia, "Mama, iko hii moja tu. Sijathubutu kuisikiliza wala kumsikilizisha mtu. Ukisema niitumie kwenye masomo yangu nitaitumia, ukisema hapana ni yako." Gidioni amepata habari. Amesema kaseti ipelekwe kwake ichomwe kabla ya watu kunyoa nywele, kwa sababu kile kilio bado kinaita, na mimi nisipoitoa yeye na ukoo wake hawatafika, na ukoo usipofika hakuna matanga yatakayoondolewa, nitabaki na msiba mlangoni na kaburi la mwanangu halitakuwa na wa kulitengeneza.

Nami sina sauti nyingine ya Frednand. Picha ninayo, ya kipaimara, amekaza uso kama polisi, si yeye. Redio kaseti yake bado iko juu ya kabati, betri zimekwisha, na yeye alikuwa na kawaida ya kuzianika juani kwenye jiwe la mlangoni ili zipate nguvu kidogo, mpaka leo zipo pale kwenye jiwe sijazigusa. Nataka kumsikia akicheka mara moja. Lakini nikifikiri kwamba kabla ya kicheko kuna kilio changu, na labda Gidioni anasema kweli, naogopa hata kuishika hiyo kaseti. Je, niitoe ichomwe? Au nikatae, nibaki nje ya ukoo? Nisaidie, siku haziko nyingi.

Mama Frednand, Ntobeye

*

Mama Frednand,

Shikamoo ni yako, mimi ndiye mdogo. Pole sana. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kuanua nguo, nikarudi kuisoma tena. Sasa kaa nikuambie, na mengine yatakuuma.

Umejieleza vizuri mno, isipokuwa mahali pamoja ulipita haraka kama mtu anayevuka barabara. Umesema kwenu mtu halii kwenye nyumba isiyo na maiti. Ni desturi nzuri, nami siichezei. Lakini siku ile jikoni kwako kulikuwa na msiba, mama, na mwenye msiba alikuwa amekaa mbele yako. Bukuru na Butoyi walizikwa bila kilio kwa sababu mama yao angelia wangekufa na waliobaki. Alikuja na kilio hicho mpaka Ntobeye akiwa amekifunga mdomoni, akakupalilia shamba nacho. Wewe ulianza kulia, yeye akapata pa kuingilia. Unasema ulishindwa kunyamaza kwa sababu alikuwa anakufuata. Sasa ungenyamaza ungemwacha na nani? Kilio kile kilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wamekingoja. Hukumwita mwanao. Uliwalilia watoto wa mwenzako, na katika maisha yangu yote ya kujibu barua hizi sijaona kosa lenye heshima kama hilo, kama kweli unataka kuliita kosa.

Lori lilipinduka mteremkoni. Mimi barabara ya Lusahunga nimeipita, na malori yale nimeyaona yalivyoshindiliwa. Mbona shemeji yako hajamwendea dereva? Nitakuambia kwa nini, na usimchukie. Gidioni amezika mtoto wa kaka yake, amebaki mkubwa wa ukoo ambao vijana wanakwisha, na huzuni yake haina pa kukaa, akaiweka kwako kwa sababu wewe upo karibu na hutamjibu. Amekosa. Lakini usiende kwake kama mshitakiwa, wala usiende kama hakimu.

Na huyo mwanao Pili, mpe ujumbe wangu. Mwambie msomi anayeingia jikoni kwa watu na chombo cha kurekodi asikiwashe kwa mazoea kama anayewasha koroboi. Swali alilomwuliza Nimpaye halikuwa swali la kumwuliza mtu huku anamenya ndizi. Hata hivyo kurudi na kaseti mkononi badala ya kukimbia nayo chuoni ni jambo la mtu aliyelelewa, na kwa hilo nampa haki yake. Kuhusu kuitumia kwenye masomo, jibu la leo ni hapana, na wewe si mtu pekee wa kulitoa. Siku Nimpaye naye akikubali kwa kinywa chake, mtazungumza upya.

Sasa fanya hivi. Usimpelekee Gidioni kaseti, na usiifiche, wala usiende mjini kuinakili kwa siri, maana siku itakapogundulika utakuwa umempa sababu ya kweli. Nenda kambini kwa Nimpaye ukiwa na Pili. Mweleze shemeji anachotaka kukichoma. Sina hakika kama anajua kwamba majina ya wanawe yamo humo, na huenda hakuna mahali pengine duniani yalipotajwa kwa sauti tangu wafe. Mwulize anataka nini. Akitaka kuja nyumbani kwako, mkaribishe kabla ya siku ya kuondoa matanga. Clotilda awepo, kwa sababu yeye ndiye aliyesimulia nusu, basi amalizie nusu iliyobaki. Halafu mwite Gidioni kwa adabu zote, mpe kiti kizuri, mpe rubisi, na umwambie, "Shemeji, kabla hujachoma, sikia unachochoma." Isikilizeni wote kutoka mwanzo, siyo kilio peke yake. Asikie swali, amsikie Nimpaye akisema kwa nini hawakulia, amsikie Frednand akitafsiri mpaka anaponyamaza. Kile kimya cha mwanao nadhani kitamfanyia Gidioni kazi kuliko maneno yako na yangu. Halafu Nimpaye amwambie mwenyewe kilio kilikuwa cha nani.

Anaweza kukataa. Sitakudanganya kwamba kila mzee hulainika. Akikataa, mwambie huna ruhusa ya kuchoma majina ya watoto wa mtu mwingine, na wala yeye hana, na kaseti ikae kwa Nimpaye. Matanga yaondolewe bila yeye kama ni lazima, Clotilda atakunyoa, na padre wenu atakuja ukimwita. Itakuuma. Kaburi la Frednand utalitengeneza kwa mikono yako, na kwa jinsi unavyoandika sidhani kama ulikuwa unangoja mikono ya mtu mwingine. Lakini nenda kwanza ukijua anaweza kukubali, kwa sababu na yeye anakikumbuka kile kicheko cha puani. Hakuna baba mdogo asiyekikumbuka.

Kitu kimoja zaidi, na hiki usikipuuze. Betri zile za kwenye jiwe ziache pale pale. Nunua mpya, hata kama itabidi uuze mkungu. Betri zilizoanikwa huzungusha kaseti polepole, sauti inavuta, inakuwa nzito, na mimi sitaki mara ya kwanza kumsikia mwanao tena umsikie akicheka kama mzee, uzee ambao hakuupata.