Sahani za Mama Spesi

Gitega, 11 Machi 1996

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hujambo, na goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Sisi wawili hatujambo. Amissi anakusalimu kwa adabu zake zote za ukwe. Hata sasa ninapoandika jina lako naona anashusha sauti.

Tulifika salama na kamio, lile lori la Mzee Kassamali mwenye duka hapa. Dereva Sefu anaendesha kama mtu anayekimbia mvua, kwa hiyo godoro limefika, cherehani imefika, lakini sahani zangu zote zimevunjika. Nimelia kidogo, kisha nikaona aibu kulilia sahani katika miaka hii.

Sasa nikupe habari za mji, maana najua umeshaanza kuununia. Gitega ni baridi, Mama. Asubuhi mtu anavaa shuka juu ya kitenge. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanafika wamechoka kuliko sisi. Lakini kila mahali ni kwa miguu: soko, msikiti, hospitali. Amissi amepata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza ya duka la Kassamali, na tangu siku ya kwanza watu wanamletea suruali za kupunguza. Nyumba yetu iko mtaa wa Musinzira, ina bomba uani na taa inayowaka usiku mwingi. Bwana anayepangisha alitupa ufunguo bila maswali.

Na unajua kwa nini tumekuja. Mimba mbili zilinitoka hapo Muyinga. Hii ya tatu daktari amesema ataiangalia mwenyewe kila mwezi, na nikisikia hata uchungu mdogo nitembee tu nifike. Kwako ningetembea niende wapi?

Jambo moja linanisumbua. Tulipohamia nilipika maandazi nikayapeleka kwa majirani, mlango kwa mlango, kama ulivyonifundisha. Kwa kuwa zangu zilivunjika, nilitumia sahani nilizozikuta jikoni, nyeupe za bati zenye ukingo wa kijani. Wote walipokea, hakuna aliyenikaribisha ndani. Mpaka leo hakuna sahani iliyorudi, si tupu wala yenye kitu. Hawa ni watu wa namna gani?

Niombee dua.

Mimi binti yako,
Latifa


Muyinga, 2 Aprili 1996

Kwa binti yangu Latifa,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, goti ni goti. Nimefurahi kusikia mimba imekaa. Usibebe maji, usiruke mitaro, na usimwambie kila mtu mwezi wako.

Nimesoma sifa za mji wako. Bomba, taa, daktari, haya. Mimi mji wa katikati ya nchi naufananisha na mtoto wa katikati: mkubwa kashavaa nguo mpya, mdogo kashashiba maziwa, yeye anangoja kitakachobaki. Samaki wanawafikia wamekufa mara mbili. Sisi hapa mpaka uko karibu, kitenge kikishuka Tanzania asubuhi jioni nimekivaa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nyinyi vijana msala ukipita mnaufuata mbio.

Lakini hilo la sahani limeninyima usingizi. Nimezaliwa Ujiji, nimeolewa Muyinga, nimezika mume na nimekaa na majirani wabaya na wazuri, sijawahi kuona mtaa mzima ukikaa na sahani za mtu. Hata adui yako anakurudishia, tena anaweka ndizi mbili ili usimseme. Kwa hiyo nakuuliza swali ambalo ungemuuliza yule bwana wa ufunguo: nyumba hiyo ni ya nani? Mtu anahama na kuacha mlango, naelewa. Nani anahama na kuacha sahani?

Uliza, kisha uniandikie. Na kama jibu ni lile ninaloliogopa, rudini.

Mama yako


Gitega, 17 Juni 1996

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi na tumbo langu tuko vizuri, linacheza hasa nikila maharage.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia. Nitaandika tu.

Wiki iliyopita jirani wa ukuta mmoja na sisi, anaitwa Pili, aligonga mlango. Alikuwa na sahani yangu, ile ya ukingo wa kijani, na juu yake maharage yaliyoungwa vizuri. Nikamkaribisha, akasema atasimama. Nikamsihi, akakaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje. Akaniuliza kama mimi ni ndugu wa Mama Spesi. Nikasema simjui.

Akasema: "Mi nilifikiri we iko mtu yao. Ile masahani iko ya Mama Spesi. Ulipopita na maandazi, sisi wote tulijua masahani. Tulisema, huyu ametumwa atuulize."

Mama Spesi alikuwa mke wa mwalimu, na hii ndiyo nyumba yao. Mwaka jana, jioni moja, watu walikuja kuwachukua. Mume walimkuta uani. Mama Spesi alipitia nyuma na watoto wake wawili akaingia mtaani, akagonga kwa Pili, akagonga nyumba inayofuata, akagonga zote. Pili anasema alimsikia akiita majina yao mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Hakuna aliyefungua. Baadaye hawakumsikia tena.

Na mimi, Mama, nilipita njia ileile, mlango kwa mlango, na sahani zake mkononi.

Nilipomaliza kusikia nilitaka kufungasha siku hiyohiyo. Amissi alingoja mpaka nikachoka kulia, kisha akasema hospitali ni ileile na tumbo ni lilelile, na nyumba isiyo na historia ya namna hii siku hizi ataitafuta wapi. Hana makosa. Lakini yeye anashinda barazani kwa Kassamali, mimi ndiye ninayekaa humu. Nikifagia naona alama za urefu wa watoto zimechorwa ukutani kwa makaa, na ile ya juu kabisa inafika kiunoni kwangu. Nikichota maji bombani nahisi kuna mtu anangoja zamu yake.

Nimeuelewa mji huu sasa. Ni mkubwa kiasi cha watu kuhamia bila kuulizwa watokako, na ni mdogo kiasi kwamba wote wanajua wamehamia wapi. Kijijini wasingeweza kutazamana baada ya jambo kama lile. Bujumbura wasingejuana. Hapa wanajuana wote, wanasalimiana sokoni, wanaulizana bei ya nyanya. Nami nasalimia pia.

Nifanye nini? Nakuhitaji. Nikijifungua nataka wewe ndiye unioshe na kunikalia arobaini zangu. Niambie utakuja.

Latifa wako


Muyinga, 9 Julai 1996

Latifa mwanangu,

Salaam nyingi. Mimi niko hai, na siku hizi hilo ni jibu zuri.

Nimeisoma barua yako nikaifunika na mkeka. Nakwambia wazi: mimi kwenye mtaa huo silali. Siwezi kunywa maji ya mwanamke aliyesikia jina lake likiitwa mlangoni akakaa kimya. Hofu naijua, usiniambie habari za hofu. Mwaka wa sabini na mbili baba yako aliingiza humu ndani watu saba waliokuwa wakikimbia mauaji, wala hatukuwauliza kabila wala dini, na mimi nilikaa mlangoni nachambua mchele kama asiye na habari. Hapa Muyinga mtu akigonga anafunguliwa. Ndivyo tulivyo, na ndiyo sababu sihami.

Unasema daktari. Daktari anakuzalisha siku moja, majirani unakaa nao maisha yako yote. Siku ukigonga wewe, nani atafungua?

Rudi ujifungulie kwangu. Kama hutaki, basi Amissi mwenyewe aje hapa, aketi mbele yangu, aniambie kwa mdomo wake kwamba mtaa huo unafaa mjukuu wangu kuzaliwa. Akiweza kusema hivyo akiwa ananitazama, nitafunga kanga zangu nitamfuata. Barua peke yake hainitoi.

Usikasirike. Nakupenda kuliko hasira zangu.

Mama yako


Gitega, 22 Septemba 1996

Mama,

Asalaam aleikum warahmatullah. Uko wapi? Uko salama? Nilikuandikia Agosti na hujajibu. Tangu mipaka ifungwe sukari imepotea na magari yamepungua, kwa hiyo najipa moyo kwamba ni njia tu. Barua hii nampa Sefu ajaribu tena.

Kwanza furaha. Umepata mjukuu wa kike, tangu Ijumaa asubuhi. Mzima, ana nywele nyingi, analia kwa sauti yako.

Haikuwa kama tulivyopanga. Alfajiri risasi zilianza upande wa Nyarusange, zikasogea. Mtaa wote ulifunga. Hapohapo uchungu ukanishika, na hospitali, Mama, ile hospitali niliyoihamia, ilikuwa mbali kama Makka, maana barabarani hakukuwa na mtu. Nilikuwa peke yangu. Nikatoka nikijishika ukutani mpaka kwa Pili. Sitakuficha, nilimfikiria Mama Spesi, na nilimwomba radhi kwa kugonga mlango aliougonga yeye. Nilikuwa sijagonga mara ya pili Pili akafungua. Akasema, "Ingia mbiyo, ingia." Baadaye wengine wakaja wakipitia bustani za nyuma, wale wale, mmoja na maji ya moto, mmoja na wembe mpya. Mtoto alipolia, walilia wote, na sikujua wanamlilia nani.

Sijui kama nimewasamehe, wala si mimi wa kusamehe. Lakini walifungua.

Sasa lililobaki. Amissi aliondoka Alhamisi kukufuata. Alisema siku zimekaribia na wewe ulitaka kumwona uso kwa uso, basi anakwenda. Sefu alimpakia. Walipofika Mwakiro askari walizuia magari, Sefu akageuza. Amissi alishuka. Alimwambia Sefu Muyinga si mbali tena, atatembea, atafika kwa mama mkwe kabla ya usiku kuingia sana, na kesho yake mtatafuta njia.

Leo ni Jumapili. Naona mmekwama kwako, na labda umemweka akuchambulie mchele. Mwambie ana binti. Mwambie sijampa mtoto jina, namngoja.

Njooni taratibu, lakini njooni.

Binti yako,
Latifa


Muyinga, 23 Septemba 1996

Latifa mwanangu,

Salaam. Sijapata barua yako tangu ile ya Juni, na sijui kama hii itafika. Nampa fundi baiskeli anayejaribu kupita Karuzi. Bila shaka siku zako zimetimia. Kila nikisujudu nakutaja.

Nina neno zito, nalisema kwako kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Alhamisi walipiga risasi huku tangu alasiri. Magharibi mvua ikashuka, nikafunga mlango nikaweka na kinu nyuma yake. Baada ya Isha mtu akagonga. Hakugonga kwa fujo. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mama, fungua." Mvua ilikuwa nyingi juu ya mabati, sikuweza kuijua sauti. Nikajiambia siku hizi wote wanasema Mama, hata wenye bunduki wanasema Mama. Nikasimama, Latifa. Nilifika mlangoni, niliweka mkono kwenye komeo, na mkono ukakataa. Akaita tena, polepole. Kisha nikasikia watu wengine wakija wanakimbia kwenye tope, na sauti zao, na sikusikia tena ile ya kwanza.

Asubuhi walisema sokoni kuna mgeni amechukuliwa mtaani kwetu usiku ule. Sikuuliza ni nani. Niliogopa kujua ni mtu wa kwetu, na niliogopa kujua ni mtu wa mbali aliyekuwa amesikia kwamba Muyinga tunafungua.

Waombe radhi majirani zako kwa niaba yangu, yule Pili zaidi. Maneno niliyowatupia yamenirudia yote. Najua sasa mtu anavyosimama nyuma ya mlango.

Hasira zangu zimekwisha. Nitakuja Gitega, nitalala mtaa huohuo, nitamwosha mjukuu wangu. Lakini si sasa. Njia imeharibika kabisa. Nakusihi, nilichoandika Julai kifute: mwambie Amissi asije kunichukua. Mkwe wangu ni mpole, atataka kutimiza neno langu. Mzuie. Akae na wewe.

Mama yako


Gitega, 6 Oktoba 1996

Mama yangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia. Namshukuru Mungu uko hai.

Nimejifungua salama, msichana, na nimempa jina lako, Zaituni. Anakunja uso akinyonya kama anayeonja chumvi ya mboga, basi ni wewe mtupu. Pili anamwosha kila asubuhi na kunikanda kwa maji ya moto. Nimempa salamu zako, ameinama akazipokea. Nakaa kwake kwa sasa, nyumba yetu ni kubwa mno kwangu na mtoto wakati cherehani iko dukani.

Ile barua niliyokuandikia Septemba imerudi mkononi mwangu, Sefu hakuweza kuvuka. Haikuwa na kitu, zilikuwa habari za mtoto tu, na hizo nimekupa.

Usiku ule ulikuwa peke yako na watu wenye bunduki walikuwa nje. Usikae ukimfikiria huyo mtu. Mimi mwanao nakwambia, na nakuapia kwa mtoto huyu ninayemnyonyesha, sina neno na wewe, sasa wala milele. Kula. Lala. Goti lako lisugue na mafuta ya moto.

Kuhusu Amissi usiwe na wasiwasi. Nimemwambia asije.

Binti yako akupendaye,
Latifa