Asilimia Thelathini ya Vita

Jumatano, 4 Machi

Nimesikiliza tena kipindi cha wataalamu redioni. Nilijibanza jikoni na simu ya Mama, sauti chini. Mtangazaji Mwongeli anauliza vizuri, lakini majibu! Dkt. Muriuki, ambaye kazi yake ni kupima hatari za vita duniani, alisema zile nchi mbili za Ghuba "zinatumiana ishara." Ishara gani? Moja imesogeza meli za kivita. Nyingine imejaribu kombora. Hapa mtaani Huruma mtu akikurushia jiwe hatusemi ametuma ishara.

Kisha balozi mmoja mstaafu akasema meli zikisogea ni dalili kwamba hakuna anayetaka vita. Muriuki akasema huenda. Huenda!

Lazima nielewe. Dada yangu Mitchelle amepata kazi ya kutandika vitanda hotelini, huko huko Ghuba. Ndege ni Jumapili, tarehe 15. Mama hajakubali, na Mama asipombariki Mitchelle haendi. Kwetu hakuna anayevuka hata mpaka wa Malaba bila kuombewa. Leo Mama akaniambia, "Wewe, baba, ndiye unasoma. Sikiliza hao watu halafu utuambie kama watapigana."

Mimi! Mimi ambaye hata kuinua mkono darasani nashindwa.

Jumapili, 8 Machi

Ushirika wa kanisa ulikuwa kwetu leo. Nyumba ilijaa hadi mlangoni — viti vya majirani, vikombe vya majirani. Baada ya maombi Mama akasema, "Sasa Kweyu atatuambia habari za vita." Nikasimama. Nikasema haraka haraka: Dkt. Muriuki anasema uwezekano wa vita kuanza mwaka huu ni asilimia thelathini.

Halafu Mama Tiffany, jirani wa mlango wa pili, akapiga makofi. "Thelathini kwa mia? Hiyo si ni E! Hiyo vita imefeli!"

Johnson wa kwaya akadakia kwamba irudie darasa, na ije na mzazi. Watu wakacheka hadi chai ikamwagika. Mama akafunika uso kwa leso. Nilidhani anacheka pia. Alikuwa analia. Akamshika Mitchelle mkono mbele ya wote: "Enda, mwanangu. Nimekubali."

Hapa kila kitu kinapimwa kwa alama za mtihani. Hata mimi! Kwa muda niliona ni kweli kabisa — thelathini ni kufeli, basi. Nilipoketi ndipo nikaanza kujiuliza: vita hufanyia mtihani wapi? Nilitaka kusema ngojeni kidogo. Walikuwa wameshaanza kuimba.

Jumanne, 10 Machi

Mama Tiffany amelitangazia jengo zima. Hata Nzivo anayeuza mboga pale chini ameniuliza, "Profesa, vita imepata ngapi leo?"

Nikacheka tu. Redioni wamesema sasa ni thelathini na tano. Sijamwambia mtu. Kwa hesabu ya Mama Tiffany, vita vimepanda hadi D.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwona! Dkt. Muriuki alikuja ukumbi wa Kaloleni kuzungumza na vijana. Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja. Nilidhani atakuwa mrefu. Ana sweta iliyopauka na sauti ya upole.

Alieleza kuhusu mlango mwembamba wa bahari ambako mafuta hupitia, na viongozi wanaoogopa zaidi kuonekana waoga kuliko wanavyoogopa vita. Kila sentensi niliielewa ikiwa peke yake. Zikiwa pamoja — hapana.

Wakati wa maswali mkono wangu ulikuwa juu. Sijui nani aliuinua. "Daktari, asilimia thelathini na tano ni nyingi au ni kidogo?"

Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. "Msee, hii si darasa la hesabu!"

Yeye hakucheka. Akauliza, "Nani wako anasafiri?" Alijuaje? Nikasema ni dada. Akavua miwani. Akaniuliza kama naanika nguo nikisikia kuna asilimia thelathini na tano ya mvua. Nikasema naanika. Zikilowa? Naanika tena. "Basi," akasema, "hiyo namba haiwezi kukuamulia. Angalia kwanza umeanika nini." Kisha mtu mwingine akauliza kuhusu bei ya petroli.

Mitchelle si nguo. Hilo nimelielewa. Lakini hakusema asiende! Wala hakusema aende. Kazi yake ni kujua. Kama yeye hajui, nani anajua?

Ijumaa, 13 Machi

Nimemwambia Mitchelle yote. Kwamba thelathini si E. Kwamba sasa ni thelathini na tano. Kwamba Mama amembariki kwa sababu ya kosa, na mimi nikanyamaza. Alikuwa anakunja sketi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

Akasema, "Na mimi nikikaa hapa je? Tangu kile kiwanda nilichofanyia kazi huko Baba Dogo kifungwe, huyo daktari wako amenipimia asilimia ngapi?"

Akasema nisithubutu kumwambia Mama. Halafu, polepole, "Au mwambie. Sijui."

Sijawahi kumsikia Mitchelle akisema hajui.

Jumamosi, 14 Machi, juu ya paa

Niko kwenye kamba za nguo. Chini wamekuja kumwombea Mitchelle — pasta, kwaya, Mama Tiffany na sufuria yake kubwa. Asubuhi redioni wamesema nchi moja imemwita balozi wake arudi nyumbani. Mwongeli akauliza maana yake ni nini. Dkt. Muriuki akasema, "Inategemea." Leo hakutaja namba yoyote.

Mama amenituma nilete nguo za Mitchelle, halafu niwaambie wageni tena ile ya thelathini, kwa sababu pasta hakuwepo Jumapili. Amevaa gauni la Pasaka. Anamkumbatia kila anayeingia. Sijamwona hivi tangu kiwanda kifungwe.

Naweza kusema ukweli mbele ya wote. Lakini nikisema, na vita visije, nitakuwa nimemnyima dada yangu kazi. Nisiposema, na vije —

Mitchelle amepanda sasa hivi. Hakuniuliza nimeamua nini. Alitoa gauni lake la bluu kwenye kamba. Nikamwambia bado lina maji. "Litakaukia huko," akasema, akalikunja hivyo hivyo.

Lakini hajashuka. Amesimama kwenye ngazi na gauni kifuani, ananitazama nikiandika.

Wimbo umekwisha huko chini. Mama anaita jina langu, kwa furaha kabisa.