Kwenye Riwaya, Kununiana Ni Kutamu

Jumamosi, likizo ya Agosti. Mvua imenyesha tangu mchana na hapa kwetu Kachibora kote ni matope. Moyo wangu nao haujatulia.

Nimemaliza ile riwaya ya mapenzi niliyoazimwa na Cherono, tunayelala naye bweni moja. Shuleni kila msichana aliyeisoma alilia kwa furaha. Mimi nimeifunga kwa hasira, na sina wa kumwambia ila hapa, kwa sababu nyumbani hakuna anayesoma blogu hii.

Lugha yake ni nzuri, sikatai. Kuna sentensi nilizozirudia ili nizisikie tu. Lakini katikati ya kitabu, mhandisi na mchumba wake wananuniana sura tatu nzima, na mwandishi anaupamba ukimya huo kama bibi harusi. Wanatazamana dirishani. Mioyo inadunda. Kisha mdogo wake mchumba anawabebea salamu za uongo, kila mmoja anadhani mwenzake ameomba msamaha, na wanakumbatiana.

Mwandishi huyo hajawahi kuishi kwenye nyumba iliyonuna.

Kwetu ilianza kabla sijafunga shule. Baba na Mama hawasemezani. Wananisemesha mimi.

"Shiku, mwambie mama yako ng'ombe hajakamuliwa," Baba anasema, na Mama ameketi pale pale anachambua maharagwe.

"Shiku, mwambie baba yako mikono anayo."

Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya jirani.

Jana nilijaribu ujanja wa riwaya. Nilimpelekea Baba chai, nikarudi jikoni nikasema, "Baba anasema asante, chai ni tamu."

Mama aliacha kusonga ugali. "Ati asante? Huyo baba yako ninayemjua mimi?" Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Shiku, usinitungie mume."

Maneno hayo yamenikaa akilini kuliko kitabu kizima.

Leo baada ya chakula Mama alianza kukunja nguo zake. Si nguo za kutembea siku mbili tu. Alikunja mpaka sweta nzito na gauni la kanisani. Kwao ni Sirisia, kule Bungoma. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwambie baba yako kesho naenda kwetu. Akiuliza narudi lini, mwambie sijui."

Baba alikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta. Redio ilikuwa imezimwa. Alikuwa amesikia kila neno, na bado alikuwa akingoja nimpelekee ujumbe.

Mimi ndiye yule ambaye darasani hajibu hata swali analolijua. Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Mama, mwambie mwenyewe."

Nilidhani atanichapa. Alipangusa mikono kwenye leso, akanipita bila kunitazama, akaingia sebuleni, akafunga mlango.

Sasa niko chumbani kwangu. Mvua inapiga mabati kwa nguvu. Sisikii kama wanaongea au wamekaa tu. Labda kesho ataenda. Labda nimeharibu zaidi. Natamani ningekuwa nimesoma kitabu kinachoeleza watu wazima huanzaje kusemezana tena, bila mtoto katikati.

Na mlango ule ukifunguliwa, mmoja wao akaita, "Shiku, mwambie...", je, niitike?